Hadithi za mapenzi ya kwanza ya vijana wa jinsia moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wenyewe. Wengine huyauliza kwa sauti, wengine kwa ujumbe wa saa nane za usiku. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Aliyemaliza kitabu jana na leo hajielewi, aanzie swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Hadithi hizi ni zipi hasa?

Ni riwaya, hadithi fupi, hadithi za picha, filamu na tamthilia ambamo kijana anampenda mwenzake wa jinsia yake kwa mara ya kwanza, na kwa kumpenda anaanza kujijua yeye ni nani. Mahaba na kukua vinakwenda sambamba. Hadithi ya watu wazima waliokwisha kujijua, hata iwe tamu vipi, haihesabiki humu.

Nchini Marekani, riwaya ya John Donovan ya mwaka 1969, *I'll Get There. It Better Be Worth the Trip*, ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya vijana kuligusa jambo hili waziwazi. Wavulana wawili wanabusiana. Baadaye mbwa wa mmoja wao anagongwa na gari, na mtoto wa watu anabaki kujiuliza kama hiyo ndiyo adhabu yake. Mwaka 1982 Nancy Garden akatoa *Annie on My Mind*, kuhusu Liza na Annie, wasichana wawili wa New York. Wanaumbuliwa, wanatengana, na mwishoni Liza ananyanyua simu kumpigia Annie. Kati ya mbwa yule na simu ile ilipita miaka 13, na mengi ya yanayofuata kwenye ukurasa huu yanaanzia hapo.

2. Mimi si mpenzi wa jinsia moja. Mbona nimelia?

Kwa sababu nawe ulikuwa na miaka 15, ukampenda mtu, ukakosa pa kuliweka hilo. Mtaalamu wa fasihi ya watoto, Rudine Sims Bishop wa Marekani, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu huwa vioo, huwa madirisha, na pengine huwa milango ya kupitia. Wapo waliokuja wakidhani wanachungulia dirishani tu, wakajikuta wanajitazama. Nalo hutokea, na hakuna anayekudai jibu wiki hii.

3. Mbona mikono kugusana tu inanitetemesha kuliko vitanda vya hadithi nyingine?

Kwa sababu kila kitendo kidogo kimebeba hatari mbili. Kijana anayempenda msichana wa jirani anaogopa jambo moja: kukataliwa. Anayempenda mvulana wa darasani anaogopa kukataliwa, na zaidi ya hapo anaogopa kujulikana. Akikosea kusoma jicho la mwenzake, shule nzima itakuwa na habari kabla ya kengele ya saa nne.

Mfano ulio wazi kabisa ni *Heartstopper*, kazi ya Mwingereza Alice Oseman kuhusu Charlie na Nick, wavulana wa shule moja. Ilianza mwaka 2016 kama hadithi ya picha mtandaoni, na Aprili 2022 ikaanza kuonyeshwa kama tamthilia. Kuna onyesho moja ambamo Charlie amesinzia kwenye kochi na Nick amekaa pembeni. Mkono wa Nick unasogea juu ya mkono wa Charlie, unasita, unaelea pale bila kugusa, na cheche zilizochorwa kwa mkono zinarukaruka kati ya vidole vyao. Basi. Hakuna lililotokea. Nimeshuhudia mtu mzima, baba wa makamo, akiomba isimamishwe kwanza apate kupumua.

## Baada ya ukurasa wa mwisho

4. Nimemaliza hadithi yenye mwisho mwema kabisa, na wiki nzima nina huzuni. Nina tatizo gani?

Huna tatizo. Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na wanaouliza wengi ni watu waliovuka miaka 25, ambao kwa mahesabu ya kawaida walitakiwa wafurahi wafunge kitabu walale.

Hadithi ya majonzi inakuthibitishia uliyokwisha kuyajua. Ulikua ukiambiwa kwamba mapenzi ya namna hii mwisho wake ni aibu, kufukuzwa nyumbani au kifo, na hadithi inakuja inasema naam, ndivyo. Unalia, lakini unalia ukiwa kwenye njia unayoifahamu. Hadithi ya furaha inakuonyesha kitu kingine: kwamba iliwezekana. Kwamba kuna mahali mtoto wa miaka 15 alimwambia rafiki yake "nampenda fulani" na rafiki akamtania tu, akamuuliza lini atamwambia mwenyewe. Wewe miaka ile uliitumia kujifunza kuficha. Ulijua jina la msichana wa kumtaja ukiulizwa mchumba wako nani. Ulijua namna ya kutembea uwanjani, kiasi gani cha kucheka, usimtazame nani. Hukujua kwamba hiyo ilikuwa kazi, mpaka ulipowaona watoto hawa hawaifanyi.

Kinachokuuma, basi, ni msiba. Umefiwa na ujana ambao hukuupata, na msiba wa aina hii una ubaya wake: hauna matanga. Hakuna turubai linalotundikwa, hakuna jirani anayekuja na sukari na majani ya chai, hakuna anayesema pole. Ndiyo maana watu wanadhani wanaumwa.

Wapo waliouandikia. Benjamin Alire Sáenz wa Texas aliwahi kuwa padri, akaacha, akaoa, wakaachana, na akajitangaza kuwa anapenda wanaume akiwa na miaka hamsini na kitu. Mwaka 2012 akatoa *Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe*, kuhusu wavulana wawili wenye asili ya Meksiko wanaokutana kwenye bwawa la kuogelea mjini El Paso, kiangazi cha 1987. Sisemi riwaya ile ni maisha yake. Nasema tu kwamba mtu aliyechelewa ndiye aliyeweza kukiandika kiangazi kile kwa uchungu wa namna ile, na wasomaji waliochelewa wanamtambua tangu sura za mwanzo.

5. Nifanye nini na huzuni hiyo?

Kwanza usiikimbize kwa kitabu kingine cha aina ile ile usiku huo huo. Wengi hufanya hivyo, wanasoma vitatu kwa mpigo, na mwisho wanahisi wamejaa na wana njaa kwa pamoja. Kaa nayo kidogo. Wanaopenda kuandika huona nafuu wakimwandikia yule mtoto waliyekuwa. Hadithi fupi ya *Jambula Tree* nayo imekuja kwa sura ya barua (tazama swali la 10), kwa hiyo usione haya. Kama unaye mtu mmoja unayemwamini, mweleze hadithi ilivyokwenda. Huna haja ya kumweleza maisha yako. Mara nyingi kusimulia onyesho moja kunatosha.

Tofautisha tu huzuni hii na ugonjwa. Huzuni ya kitabu huja na kuondoka, na katikati yake bado unakula, unafanya kazi na kucheka. Ikiwa hulali, huli, kila kitu kimepoteza ladha, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, hiyo si kazi ya kitabu tena. Nenda kwa daktari au mshauri nasaha. Na kama unahofia kusema kilichoanzisha, unaweza kuanza na yasiyokuhatarisha: "silali, nina huzuni, imeanza tarehe fulani." Hayo yanatosha kuanza kusaidiwa.

6. Mbona nawakumbuka wahusika kana kwamba ni watu wa kweli waliohama mtaa?

Akili ndivyo ilivyoumbwa. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika jinsi watazamaji wanavyojenga urafiki wa upande mmoja na watu wanaowaona kwenye televisheni. Mwaka 2000 Melanie Green na Timothy Brock wakachunguza jinsi msomaji anavyozama ndani ya hadithi hadi imani zake zinaguswa. Kwa msomaji asiye na hata rafiki mmoja anayejua siri yake, wahusika hawa huwa ndio watu wa kwanza kuwa nao chumbani bila kujificha. Kuwakosa ni haki yake.

7. Nililia zaidi kwenye sehemu ya mzazi kuliko ya busu. Ni kawaida?

Kawaida sana. Kwetu sisi ningesema ndiyo kawaida yenyewe.

Katika *Heartstopper*, mwishoni mwa msimu wa kwanza, Nick anamwambia mama yake kwamba Charlie ni mpenzi wake. Mama anamshukuru kwa kumwambia, halafu anaomba radhi kama aliwahi kumfanya ahisi hawezi kumwambia. Hapo ndipo vitambaa hutoka. Katika nyumba nyingi za kwetu mzazi haombi mtoto radhi. Akikosea atakuita ule, atakuwekea kipande kikubwa cha nyama, na wewe utaelewa. Sasa kumsikia mama anatamka kwa mdomo wake, tena juu ya jambo hili kuliko yote, kunampata msikilizaji mahali ambapo hakuweka ulinzi.

Sáenz amefanya kitu kigumu zaidi. Mwishoni mwa riwaya yake wazazi wa Ari, yule Aristotle, wanamketisha kijana wao na kumwambia wao ndio wameona: anampenda Dante, na aache kukimbia. Mtoto hajasema neno. Kuna wasomaji waliotupa kitabu pembeni kwa hasira hapo, wakisema mzazi wa hivyo hayupo. Hasira hiyo na machozi ya wengine naona zinatoka chungu kimoja. Tazama tena swali la 4.

## Kuhusu mwisho wa hadithi

8. Kwa nini hadithi nyingi za zamani ziliishia kwenye kifo au wazimu?

Mara nyingi kwa sababu zilizuiwa kuishia kwingine. Mwaka 1952 Marijane Meaker alichapisha nchini Marekani, kwa jina la bandia la Vin Packer, riwaya ya *Spring Fire*, kuhusu wasichana wawili wa chuo. Mhariri alimpa sharti kwamba wasiishie kwa furaha, kwa kuwa vitabu vilisafirishwa kwa posta na wakaguzi wa posta wangeweza kuvizuia vikionekana kuyasifu mapenzi hayo. Hivyo mmoja akapelekwa hospitali ya wenda wazimu, na mwingine akagundua kwamba hakuwahi kumpenda.

Mwandishi Mwingereza E. M. Forster alikataa sharti la namna hiyo akalipa gharama nyingine. Aliandika *Maurice* mwaka 1913 hadi 1914 akiwa ameapa wapenzi wawili wa riwaya hiyo wabaki pamoja, na akaificha kabatini maisha yake yote. Ilichapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya yeye kufa.

9. Mwisho mwema si uongo, kwa hali ya kwetu?

Swali hili huulizwa kwa ukali, na mwenye kuuliza kwa kawaida ana sababu zake. Jibu langu limejengwa juu ya kisa cha *Rafiki*.

Filamu hiyo ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, inawahusu Kena na Ziki, wasichana wa mtaa mmoja jijini Nairobi ambao baba zao wanagombea kiti kimoja cha uchaguzi. Wana gari bovu lililotelekezwa, na ndani yake ndimo wanamopata faragha. Kena anawaza kuwa nesi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Kisha mtaa unawavamia, wanapigwa, Ziki anapelekwa London. Miaka inapita. Kena sasa yuko kwenye njia ya udaktari, na mwisho kabisa Ziki anarudi: sauti inaita, mkono unagusa bega.

Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha hilo. Kwa mujibu wa Kahiu, bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi na Kena hakuonyesha majuto. Lile kundi la watu wanaopiga lingebaki lilivyo. Kilichowakera ni ule mkono begani.

Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliondoa marufuku kwa siku 7 ili filamu iweze kupelekwa kuwania tuzo za Oscar, na kumbi za Nairobi zikajaa. Watu walikwenda kuona mwisho ambao walikuwa wameambiwa hauwezekani.

Kwa hiyo hapana, siuiti uongo. Mkaguzi wa posta wa Marekani mwaka 1952 na bodi ya Nairobi mwaka 2018 hawakujuana, lakini wote wawili walipima hatari ya hadithi kwa kuangalia inaishaje. Mtu hapambani na uongo usio na nguvu. Mwisho mwema wa hovyo upo, sikatai: ule ambao kila mtu anabadilika moyo kwenye sherehe ya shule, hata yule mnyanyasaji. Huo nao naurudisha rafuni haraka.

10. Basi niache kusoma zenye mwisho mchungu?

Usiache. Angalia tu nani anaumizwa na kwa faida ya nani. *Rafiki* yenyewe ilizaliwa na hadithi fupi, *Jambula Tree* ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2007. Anyango anamwandikia Sanyu, ambaye alipelekwa London baada ya jirani kuwakuta pamoja kwenye makazi ya Nakawa, Kampala. Sasa Sanyu anarudi. Hatujui itakuwaje. Lakini Anyango hajutii, na umbea wa majirani, wenye masikio kila dirisha, ndio unaoaibishwa na barua ile. *Under the Udala Trees* ya Chinelo Okparanta, ya mwaka 2015, inamchukua Ijeoma kutoka vita vya Biafra nchini Nigeria hadi ndoa aliyoingia ili mambo yaishe. Ni kitabu kizito. Hakikuachi ukijichukia, na hicho ndicho kipimo changu: ukifunga kitabu, unamsikitikia nani, na unamkasirikia nani?

## Hali za pekee

11. Nimeolewa, nina watoto, na kitabu kimenifungua macho sasa. Nifanyeje?

Lolote utakaloamua, usiliamue ndani ya wiki ya kitabu. Hisia za wiki hiyo ni za kweli, ila zimepandishwa sauti. Kumpenda mumeo kama mwenzako wa maisha na kutambua jambo hili linalokuhusu vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na kujua hakukulazimishi kutangaza. Yale ya swali la 4 yanakuhusu wewe kwa uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa unaomboleza na huku unapika chakula cha jioni.

12. Nimemkuta mwanangu anasoma kitabu cha aina hii. Kina maana gani?

Kina maana kwamba anasoma. Huenda kinamhusu, huenda kinamhusu rafiki yake, huenda kimevuma shuleni. Usimhoji kama polisi. Kama unataka kujua, kisome nawe, kisha muulize kuhusu mhusika: "huyu Nick alimficha mama yake kwa nini?" Atakujibu kuhusu Nick, na wewe utasikia mengine. Akijua kwamba kwako mazungumzo hayo yanawezekana, atarudi siku atakapohitaji. Soma pia swali la 7, hasa lile la kuomba radhi.

13. Vipi hadithi ambazo mmoja ni kijana na mwingine ni mtu mzima?

*Call Me by Your Name* ya André Aciman, ya mwaka 2007, ndiyo huletwa hapa: Elio ana miaka 17, Oliver 24. Wasomaji wanagawanyika, na sioni ubaya wa kugawanyika. Unaweza kuguswa na jinsi hadithi inavyoieleza tamaa, na bado ukasema kwamba mkubwa alikuwa na jukumu. Kwa msomaji mdogo ningeanza na zile ambazo wapenzi ni wa rika moja. Aliyewahi kuguswa vibaya na mtu mzima asijilazimishe kumaliza eti kwa sababu kitabu kinasifiwa.

14. Lazima mwandishi naye awe mpenzi wa jinsia moja?

Watu walimwandama Becky Albertalli, mwandishi wa *Simon vs. the Homo Sapiens Agenda* ya mwaka 2015, wakidai anajitajirisha kwa maisha yasiyo yake. Mwaka 2020 akatangaza kwamba naye anavutiwa na jinsia zote mbili, na kwamba hakujitangaza kwa raha yake; alisukumwa. Riwaya yake inahusu mvulana ambaye mwenzake anatishia kumtolea siri hadharani. Waliomwandama wakamfikisha mwandishi pale pale. Mimi nahukumu kitabu, ya mwandishi namwachia mwenyewe.

15. Kusoma na kusambaza vitabu hivi ni salama?

Inategemea uko wapi. Sheria za Kenya na Tanzania zinaadhibu vitendo. Adhabu ni hadi miaka 14 jela Kenya, na kwa Tanzania Bara ni miaka 30 hadi maisha. Kusoma riwaya si kosa hilo, ingawa filamu zina bodi zake, kama ilivyoonekana kwenye swali la 9. Uganda ni habari nyingine: sheria ya mwaka 2023 inaadhibu pia kile inachokiita kukuza ushoga, hadi miaka 20. Kwa hiyo aliyeko Uganda asitume kitabu kwenye kundi la WhatsApp, hata kama anawajua wote waliomo.

Popote ulipo, hatari ya karibu zaidi kuliko polisi ni simu inayoshikwa na kila mtu nyumbani. Zima picha za majalada zinazojitokeza kwenye skrini, weka namba ya siri kwenye programu ya kusomea, na angalia kama akaunti yako inatumika pia kwenye kompyuta ya familia au televisheni ya sebuleni, maana orodha ya "endelea kutazama" imeshaumbua wengi. Vitabu vya karatasi mpe mtu mkononi, usiandike jina lako ndani, na usimwazime mtu kwa kumshtukiza tu. Muulize kwanza kama ana pa kukiweka.